Panchakarma ya siku tatu kwa mgonjwa wa viungo: je, ndiyo tiba yenyewe ya Ayurveda?

BintiTanga:

Wanajukwaa, salaam. Naomba msaada wa wenye elimu au uzoefu wa tiba ya Kihindi iitwayo Ayurveda, hasa ule utaratibu wa kusafisha mwili unaojulikana kwa jina la panchakarma.

Mama yangu ana umri wa miaka 64 na amesumbuliwa na maumivu ya magoti na vidole kwa muda mrefu. Hospitalini ameandikiwa dawa za kutuliza maumivu, na kila siku anameza vidonge vya shinikizo la damu, kikiwemo kimoja cha kumkojoza. Kaka yangu anayeishi Muscat amesikia kwa wenzake wa huko, ambao baadhi yao huenda jimbo la Kerala, kusini mwa India, wakati wa mvua kutibiwa, kwamba panchakarma imewasaidia sana wazee wenye matatizo ya viungo, naye yuko tayari kugharamia safari. Wakati huohuo kuna kituo kimoja jijini Dar es Salaam kinachotangaza kifurushi cha "panchakarma kamili" cha siku tatu: siku ya kwanza kuchuliwa kwa mafuta, siku ya pili kufukizwa, siku ya tatu kunywa dawa ya kuharisha. Wahudumu wake wanasema mgonjwa hutolewa sumu zote na dosha zake zikarudi kwenye mizani.

Ninachotaka kujua ni hizo dosha ni kitu gani hasa, kama siku tatu zinatosha, na kama mtu mwenye shinikizo la damu anaweza kuharishwa kwa makusudi bila kudhurika. Ningefurahi kupata majibu ya watu wanaoijua tiba hii kwa undani, si ya kuisifu tu wala ya kuibeza tu, kwa kuwa mama ameshaanza kuweka matumaini makubwa na sipendi tumpeleke mahali kwa kufuata tangazo.

MwanafunziWaJamnagar:

Dada BintiTanga, pole kwa kuuguza. Nilisomea Ayurveda huko Jamnagar, katika jimbo la Gujarat, na nitaomba uvumilivu wako nieleze kwa kirefu, kwa sababu swali la siku tatu haliwezi kujibiwa vizuri kabla ya nadharia yenyewe kueleweka.

Kwa mujibu wa vitabu vya msingi vya tiba hii, yaani Charaka Samhita, Sushruta Samhita na Ashtanga Hridaya cha Vagbhata, mwili huendeshwa na nguvu tatu zinazoitwa vata, pitta na kapha, na hizo ndizo dosha. Vata huhusishwa na hewa na uwazi, nayo husimamia kila mwendo mwilini: pumzi, kupita kwa chakula tumboni, kutoka kwa haja, hata wepesi wa fikra. Pitta huhusishwa na moto, nayo husimamia usagaji wa chakula na joto la mwili. Kapha ni ya maji na ardhi, nayo hushikamanisha viungo, huvilainisha na kuupa mwili uzito na uimara. Kila moja ina makao yake makuu: vata katika utumbo mpana, pitta katika eneo la utumbo mdogo, na kapha kifuani na sehemu ya juu ya tumbo. Mtu huzaliwa na mchanganyiko wake mwenyewe wa nguvu hizo, kwa hiyo mizani inayozungumzwa si kwamba zote tatu ziwe sawasawa kwa kila mtu, bali kila mtu abaki karibu na uwiano aliozaliwa nao. Hapa matangazo mengi hupotosha, kwa kuwa husema kana kwamba kuna kipimo kimoja kinachowafaa wote.

Dosha huvurugika kwa hatua. Kwanza hujikusanya katika makao yake, kisha huchafuka, kisha husambaa mwilini hadi ikapata mahali penye udhaifu, kwa mfano kwenye magoti, na ugonjwa huonekana hapo. Majira ya mwaka nayo huchangia: vata hujikusanya wakati wa kiangazi na kuchafuka mvua zinapoanza, pitta hujikusanya wakati wa mvua na kuchafuka mvua zinapokwisha na jua kurudi, na kapha hujikusanya wakati wa baridi na kuchafuka joto linapoanza kuiyeyusha. Hiyo ni sababu mojawapo ya watu wa Kerala kuthamini sana matibabu ya mwezi wao wa Karkidakam, ambao huanza katikati ya Julai na kuishia katikati ya Agosti, mvua zikiwa zimeshika.

Sasa tuje kwenye panchakarma. Kama jina lenyewe linavyosema, ni matendo matano. Kwa hesabu ya Charaka matendo hayo ni kutapisha, ambako huitwa vamana; kuharisha, yaani virechana; enema ya mchemsho wa mimea, yaani dawa inayoingizwa kwa njia ya haja kubwa; enema ya mafuta; na kutia dawa puani, yaani nasya. Wapo wanaozihesabu enema zote mbili kuwa tendo moja, basti, na kuongeza kutoa damu. Kila tendo lina dosha yake: kapha hutolewa kwa mdomo, pitta kwa kuharisha, vata kwa enema, kila moja kwa njia iliyo karibu na makao yake. Mgonjwa mmoja kwa kawaida hafanyiwi matendo yote matano. Tabibu huchagua moja au mawili kulingana na ugonjwa, nguvu za mtu, umri na majira.

Jambo ambalo kituo hicho kimeliruka ni kwamba dosha iliyokwisha kuingia kwenye viungo haitolewi moja kwa moja. Ni lazima kwanza ilainishwe na kuyeyushwa mpaka irudi tumboni, ndipo ipatiwe njia ya kutoka. Charaka anasema hata vijiti vikavu hupindika vikipakwa mafuta na kutiwa joto, seuze mwili wa mtu aliye hai. Kwa hiyo kabla ya kuharishwa, mgonjwa hunywa samli iliyopikwa na dawa kila asubuhi kwa siku 3 hadi 7, kwa kipimo kinachoanza na kidogo, takriban mililita 30, na kuongezwa kila siku kadiri tumbo lake linavyostahimili. Tabibu hatazami kalenda, hutazama dalili: ngozi imekuwa laini, choo kimeanza kutoka na mafuta, mgonjwa mwenyewe ameanza kuichukia harufu ya samli. Dalili hizo zikionekana ndipo huacha samli, na kwa siku 3 huchuliwa na kufukizwa, akila chakula chepesi. Baada ya hapo hupewa dawa ya kuharisha, kama vile mzizi wa trivrit au mafuta ya mbarika.

Na dawa ikishafanya kazi, kazi haijaisha. Moto wa tumbo, unaoitwa agni, huwa umedhoofika, na mgonjwa hulishwa kwa ngazi: kwanza maji ya uji wa mchele, kisha uji mzito zaidi, kisha supu ya choroko isiyo na chumvi wala mafuta, kisha supu iliyoungwa, ndipo arudi kwenye chakula cha kawaida. Ngazi hizo huchukua siku 3, 5 au 7 kulingana na jinsi alivyosafishika. Ukijumlisha, hata mgonjwa wa kipimo cha chini kabisa hawezi kumaliza kabla ya siku 10 hivi, na wengi hufika wiki mbili na zaidi. Kwa hiyo kifurushi cha siku tatu si panchakarma kamili. Ni kuchuliwa, kufukizwa na kuharishwa, vikiwa vimeondolewa utangulizi na umaliziaji ambavyo katika tiba hii ndivyo sehemu kubwa ya kazi.

Naomba unijibu maswali mawili kabla sijasema lolote kuhusu mama. Je, vidole vyake huvimba, au huuma tu? Na asubuhi hukakamaa kwa muda gani kabla ya kulegea?

MfamasiaMoro:

Namshukuru ndugu hapo juu kwa maelezo ya wazi. Mimi ni mfamasia, na nitajibu lile swali la shinikizo la damu, kwa sababu ndilo linaloweza kumlaza mama hospitalini.

Dada, dawa ya kukojoza tayari humwondolea mama maji na chumvi kupitia mkojo, na baadhi yake hupunguza pia madini ya potasiamu. Ukimfukiza akatoka jasho jingi, kisha ukamharisha siku inayofuata, unamwondolea maji na madini hayohayo kwa njia mbili nyingine. Kwa mtu wa umri wake matokeo yanaweza kuwa kizunguzungu na kuanguka, mapigo ya moyo kwenda mrama, au figo kushindwa kufanya kazi kwa ghafla. Hatari kwa figo huongezeka zaidi iwapo kidonge chake kingine cha shinikizo ni cha kundi la enalaprili au losatani, na dawa ya maumivu ni ya kundi la diklofenaki au ibuprofeni, kwa kuwa dawa hizo tatu zikikutana katika mwili uliopungukiwa maji huzinyima figo damu. Si jambo la kubahatisha. Kabla ya tiba yoyote ya kuharisha ni lazima apimwe figo na madini ya damu, na daktari anayempa dawa za shinikizo aseme zipi zipunguzwe au zisimamishwe kwa siku hizo. Msizisimamishe wenyewe.

Kuhusu "kutoa sumu zote", nasema kwa heshima zote kwamba mwili hutoa taka zake kwa ini na figo kila saa, na sijawahi kuona tangazo la namna hiyo likitaja ni sumu gani iliyopimwa kabla na baada. Uzito unaopungua ndani ya siku tatu ni maji kwa sehemu kubwa. Tafiti za kisayansi kuhusu panchakarma zipo, lakini nyingi zina washiriki wachache, na ni vigumu kutenganisha mchango wa dawa na ule wa mapumziko, chakula chepesi na kuchuliwa kila siku. Sisemi kwamba watu hawapati nafuu. Nasema nafuu hiyo haijathibitishwa kiasi cha mtu kuacha vidonge vyake.

Nina tahadhari nyingine kuhusu dawa za kwenda nazo nyumbani. Mwaka 2004, jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapisha utafiti wa bidhaa 70 za Ayurveda zilizonunuliwa madukani katika eneo la Boston, na 14 kati yake zilikutwa na risasi, zebaki au aseniki. Utafiti wa mwaka 2008 katika jarida hilohilo uliangalia bidhaa 193 zilizonunuliwa kwa intaneti, na takriban moja katika kila tano ilikuwa na madini hayo. Nyingine huchafuliwa kwa bahati mbaya, lakini kuna tawi la Ayurveda linaloitwa rasa shastra ambalo hutumia madini kwa makusudi, yakiwa yamechomwa mara nyingi hadi kuwa unga mlaini unaoitwa bhasma. Mgonjwa mwenye figo zilizo mashakani asipewe unga wa namna hiyo hata kidogo. Mizizi mitamu ya likorisi nayo, ambayo imo katika mchanganyiko mwingi wa Kihindi, hupandisha shinikizo na kushusha potasiamu ikitumika kwa wingi, kwa hiyo someni kila lebo.

MzeeWaKibokoni:

Assalaam alaykum. Ninaandika kutoka Mombasa. Nimewasoma hawa vijana wawili kwa furaha, na ninaomba niongeze jambo kwa sababu najua wengi wa Pwani, wakisikia habari za mizani ya mwili, hudhani ni ileile tuliyolelewa nayo.

Wazee wetu walikuwa na elimu ya hari na baridi, ukavu na unyevu, ambayo ilitufikia kwa njia ya tiba ya Kiyunani, kutoka kwa Hippocrates na Galen, ikaboreshwa na Ibn Sina na wenzake, na mabaharia na masharifu wakaja nayo hadi visiwani. Katika elimu hiyo vimiminika vya mwili ni vinne: damu, balghamu (makohozi), safura (nyongo ya njano) na sauda (nyongo nyeusi). Mtu akizidiwa na kimoja, hulishwa vyakula vya tabia iliyo kinyume chake, au huumikwa, au hupewa haluli. Ndiyo sababu bibi zetu walimkataza mzazi maji baridi, na mwenye kikohozi wakamkataza madafu.

Ayurveda inafanana nayo kwa nje lakini hesabu yake ni nyingine. Dosha ni tatu, na damu si dosha bali ni mojawapo ya tishu saba za mwili, ingawa Sushruta, aliyekuwa bingwa wa upasuaji, anaipa damu heshima inayokaribia ya dosha ya nne. Vata haina mwenzake katika vile vimiminika vinne. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba baridi yako ndiyo kapha na safura yako ndiyo pitta, msikilize kwa adabu lakini usimkabidhi mgonjwa, kwa kuwa anachanganya vitabu viwili na mgonjwa ndiye atakayelipa gharama ya mkorogo huo. Nimewahi kuona hata hijama ikiuzwa mjini hapa kwa jina la panchakarma. Kuumika ni tiba yetu ya siku nyingi na ina watu wake wanaoijua, haina haja ya kuazima jina.

BintiTanga:

Mzee wangu, shikamoo, na ninashukuru sana. Mfamasia, nimeangalia boksi za dawa: kipo kidonge cha haidroklorothiazaidi, ambacho ndicho cha kumkojoza, kipo cha losatani, na dawa ya maumivu ni diklofenaki, ambayo mama huimeza karibu kila siku. Nimeogopa kusoma maelezo yako, lakini afadhali nimeyasoma sasa.

Ndugu wa Jamnagar, umeniuliza maswali mawili. Vidole huvimba, hasa vile viungo vya katikati na vilivyo karibu na kiganja, mikono yote miwili, na viganja vyenyewe huwa na joto. Asubuhi hawezi kufunga kitufe cha gauni wala kushika kikombe kwa mkono mmoja, na huchukua zaidi ya saa nzima kabla ya vidole kulegea. Hamu ya kula imepungua tangu mwaka jana na amekonda. Magoti yalitangulia kuuma, miaka mingi nyuma. Vidole vimekuja baadaye.

MfamasiaMoro:

Dawa zote tatu nilizozitaja zimo nyumbani kwenu. Dada, usisubiri habari za Kerala kwa jambo hili. Mpeleke mama wiki hii akapimwe kreatinini, ambayo huonyesha hali ya figo, na potasiamu, nenda na boksi zote, na mwambie daktari kwamba diklofenaki ni ya kila siku, kwa sababu mara nyingi aliyeiandika alidhani ni ya siku chache.

MsafiriMuscat:

Salaam kwenu. Mimi nami niko Muscat, na nilimsindikiza shangazi yangu Kerala kwa tatizo la magoti. Sitaki kujiingiza katika mambo ya kitabibu, nitaeleza tu nilichokiona, huenda kikamsaidia kaka yako kujua anachokilipia.

Hospitali aliyolazwa haikuwa hoteli ya ufukweni. Hoteli za namna hiyo zipo nyingi na zinapendeza, lakini mgonjwa wa kweli wanampeleka hospitali. Siku ya kwanza walimuuliza maswali kwa muda mrefu kuliko daktari yeyote niliyewahi kumwona: anaota nini, anapenda chakula cha ladha gani, choo kikoje, analala upande gani, jasho lake lina harufu gani. Walichukua pia vipimo vya kawaida vya damu na sukari, na wakampima shinikizo asubuhi na jioni.

Kitanda cha kuchulia kinaitwa droni, ni cha gogo la mti lililochongwa, kina kingo na tundu la kutolea mafuta. Wanawake wawili walisimama kila mmoja upande wake wakimchua kwa mwendo mmoja, mikono ikishuka na kupanda pamoja bila kuzungumza, huku mwingine akipasha mafuta moto pembeni na kuyapima joto kwa mkono wake mwenyewe kabla ya kuyapitisha. Magotini walizungushia donge la unga wa jamii ya choroko nyeusi, likawa kama ukuta mdogo, wakajaza ndani yake mafuta ya uvuguvugu na kuyabadilisha kila yalipopoa. Baadaye alipewa mfululizo wa enema, siku moja ya mafuta na siku nyingine ya mchemsho, na nilimwona mfamasia wao akiusaga mchanganyiko ule kwa utaratibu usiobadilika: asali kwanza, kisha chumvi ya mawe, kisha mafuta, kisha rojo la mimea, na mwisho mchemsho.

Masharti yalikuwa mengi na waliyasimamia kwa ukali wa upole: asilale mchana, asiongee kwa sauti kubwa, asikae kitako kwa muda mrefu, asisafiri kwa gari, asinywe maji baridi, asile kabla ya chakula cha kwanza kusagika. Wageni walikatazwa kumletea habari za kumkasirisha. Shangazi alirudi akipanda ngazi za nyumba yake kwa nafuu iliyodumu miezi kadhaa, ingawa maumivu hayakwisha kabisa, na madaktari wa kule wenyewe walimwambia mapema kwamba gegedu iliyolika hairudi. Kauli hiyo ilinifanya niwaamini zaidi.

MwanafunziWaJamnagar:

Dada, maelezo yako yamebadilisha jibu langu, na naomba uyasome haya pamoja na kaka yako.

Magoti ya mama yanaelekea kuwa ni ule ugonjwa wa uzee na kulika kwa gegedu, ambao sisi huuita sandhivata, na kwa huo matibabu kama ya shangazi yake ndugu wa Muscat yanafaa: mafuta, joto na basti, kwa kuwa ni ugonjwa wa vata iliyokauka. Charaka anataja kauli ya walioihesabu basti kuwa nusu ya tiba yote, kwa sababu vata ndiyo inayozisukuma dosha nyingine.

Vidole ni habari nyingine. Viungo vidogo vya mikono yote miwili vinavyovimba na kupata joto, kukakamaa asubuhi kwa zaidi ya saa nzima, kukonda na kukosa hamu ya kula: kwetu hizo ni dalili za amavata. Katika ugonjwa huo tatizo la kwanza ni ama, yaani mabaki ya chakula kisichosagika vizuri kwa sababu agni imelegea, ambayo vata huyabeba hadi kwenye viungo. Na kanuni ya amavata iko wazi: usianze na mafuta. Mafuta ni mazito na yana utelezi, yanailisha ama badala ya kuiondoa, na uvimbe huzidi. Mgonjwa huanzia kwenye chakula kidogo na chepesi, dawa za kuamsha moto wa tumbo kama tangawizi kavu, na joto kavu lisilo na mafuta. Kule kuchuliwa ambako kituo hicho kinakuuzia siku ya kwanza, kwa mgonjwa wa namna hii, kunakatazwa na Ayurveda yenyewe. Mtu aliyesoma angeuliza kuhusu vidole kabla ya kupasha mafuta.

Na kuna jambo ambalo nalitanguliza mbele ya elimu yangu yote. Dalili hizohizo, kwa lugha ya hospitali, zinashukiwa kuwa ni baridi yabisi ile ambayo kinga ya mwili hushambulia viungo. Ugonjwa huo hula mifupa ya viungo mapema, na ulemavu ukishatokea hakuna samli wala basti itakayounyoosha. Zipo dawa, mojawapo ni methotreksati, zinazouzuia usiendelee, na faida yake ni kubwa zaidi zikianzwa mapema. Muombe daktari ampime kipimo cha rheumatoidi cha damu na kasi ya kutuama kwa chembe nyekundu, apigwe picha ya mikono, na ikiwezekana aonane na bingwa wa magonjwa ya viungo. Fanyeni hivyo kabla ya kukata tiketi.

Majibu yakishapatikana na dawa zikishatulia, Kerala bado ipo. Tangu mwaka 2023 India ina viza maalumu kwa wanaokwenda kwa matibabu ya aina hii, inayoitwa viza ya Ayush. Chagueni hospitali yenye matabibu wenye shahada ya Ayurveda iitwayo BAMS, ambayo huchukua miaka mitano na nusu, ukiwemo mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, na mwende na barua ya daktari wa hapa pamoja na orodha ya dawa. Waambieni mapema kwamba hamtaki dawa yenye bhasma ya madini. Tabibu mzuri hataudhika. Na kwa vituo vya hapa nyumbani, ulizeni kwanza usajili wao, kwa maana Tanzania ina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala kwa sheria ya mwaka 2002, na mtoa huduma halali ataonyesha cheti chake bila kuvutana.

BintiTanga:

Nimemsomea kaka maelezo yote kwa simu, naye amekubali kuahirisha tiketi mpaka vipimo vitoke. Kituo cha Dar tumeachana nacho. Daktari wa mama amempa nafasi Jumatano, na nimeandika dawa zote kwenye karatasi moja kama mlivyoelekeza. Swali la mwisho ni la mama mwenyewe: kila jioni hupenda nimchue mikono na magoti kwa mafuta ya ufuta ya moto, na anauliza kama aache.

MwanafunziWaJamnagar:

Magotini endelea, kwa mafuta ya uvuguvugu na mkono mwepesi. Kwenye vidole na viganja acha kwa sasa, hadi uvimbe upungue na daktari amuone. Akitamani joto asubuhi, kaanga mchanga safi na mkavu kwenye sufuria, ufunge ndani ya kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara mbili, uujaribu kwanza kwenye mgongo wa mkono wako mwenyewe, kisha umkande nao kidogokidogo bila kubonyeza. Kiungo kikiwa chekundu na chenye joto kuliko ngozi ya jirani, usikiguse siku hiyo, na umwambie daktari Jumatano ni kiungo gani.